Soketi ya Wati 100 Haivuti Grenda

Ukisimamisha pikapu Mwanjelwa, jijini Mbeya, na mtu akaona soketi ya umeme wa nyumbani ndani yake, swali huwa ni lile lile: "Mkuu, hii inavuta grenda?" Haivuti. Sababu imeandikwa kwenye kifuniko cha soketi yenyewe, kwa herufi ndogo ambazo wengi hawazisomi hadi siku taa ya kijani inapozimika. Baadhi ya Toyota Hilux zina soketi ya volti 220 iliyoandikwa wati 100. Ford Ranger za toleo lililoanza 2011 zilikuja, kwenye zile za juu, na volti 230 na wati 150, soketi ikiwa nyuma ya kisanduku cha katikati, usawa wa magoti ya abiria wa kiti cha nyuma. Toleo lililofuata limepanda hadi wati 400. Grenda ndogo ya inchi nne na nusu inakula wati 700 hadi 850. Hesabu imekwisha kabla hujachomeka.

Kinachodanganya ni tundu. Linafanana na la sebuleni, basi jicho linaamini kwamba na nguvu ni ile ile. Soketi ya ukutani ya ampia 13 kwa volti 230 inatoa karibu wati 3,000. Ile ya wati 100 ndani ya gari haifiki hata nusu ampia.

Sisi tunaotumia magari haya kati ya Tunduma na Iringa, na kwenye njia za pembeni za Makete, Rungwe na Mufindi, tumeishia kuafikiana jambo moja: soketi ya pikapu ni ya kuchajia, si ya kuendeshea mashine. Ukiichukua hivyo itakutumikia miaka. Ukiichukua kama jenereta, ipo asubuhi ya Julai utageuza ufunguo huko Kitulo na kusikia "tik" peke yake.

Nyuma ya kifuniko

Kuna kisanduku kinachoitwa inveta. Kinachukua umeme wa betri wa volti 12 na kuupandisha hadi 220 au 230. Hakizalishi kitu, kinabadilisha tu, na katika kubadilisha kinapoteza kama sehemu moja ya kumi, wakati mwingine zaidi, ambayo inatoka kama joto. Kanuni ya kubeba kichwani ni kugawa wati kwa kumi ili upate ampia zinazotoka kwenye betri, upotevu ukiwa ndani yake. Wati 100 ni ampia 10. Wati 400 ni ampia 40. Wati 1,000 ni ampia 100, na hapo tayari unazungumzia waya mnene kama kidole. Ukishazoea kuona ampia badala ya wati, maswali mengi yanajijibu yenyewe.

Soketi nyingi za kiwandani zina kitufe kwenye dashibodi. Bila kukibonyeza, tundu limekufa, na soketi nyingi zinazopelekwa kwa fundi kwamba "zimeungua" zina tatizo hilo tu. Swichi ya gari nayo lazima iwe imewashwa, na kwenye magari mengine injini kabisa iwe inanguruma. Toyota za soko la Marekani zenye soketi ya wati 400, kama Tacoma na Tundra, zina masharti zaidi: wati 400 unazipata gari likiwa limeegeshwa na injini inafanya kazi, lakini ukiweka gia na kuondoka inashuka hadi 100. Mtu anachaji kifaa kikubwa vizuri akiwa amesimama, akiondoka kinakata, anaanza kulaumu waya.

Inveta ikizidiwa hujizima yenyewe. Kuirudisha: chomoa kila kitu, zima kitufe, subiri dakika moja au mbili ipoe, washa kitufe kwanza, kisha chomeka kitu kimoja kidogo kama chaja ya simu. Ikipokea, chombo ulichokuwa nacho ndicho kikubwa. Ikikataa hata simu, fungua kisanduku cha fyuzi na utafute ya inveta. Fyuzi ikikatika weka ya ampia zile zile. Kuweka kubwa zaidi "ili isikatike tena" ni kuhamisha fyuzi kwenda kwenye waya ulio chini ya zulia, ambao ndio utakaoungua sasa.

Kinachoingia kwenye wati 100

Ni vingi kuliko mtu anavyodhani. Kompyuta ya mkononi yenye chaja ya wati 65. Mashine ya EFD ya kutolea risiti na printa ndogo ya lebo. Mizani ya kielektroniki ya kupimia parachichi au viazi, ambayo haifiki wati 10. Mashine ya kunyolea ya sumaku, wati 10 hadi 15. Pasi ndogo ya risasi ya wati 40 au 60 ya kuungia nyaya. Taa za LED za kufanyia kazi usiku: wati 50 za LED zinaangaza saiti ya kupakia mbao kuliko taa za mbele za gari lenyewe.

Lakini thamani kubwa ipo kwenye chaja za betri za zana. Betri ya drili ya volti 18 na ampia-saa 5 inabeba wati-saa 90. Kuijaza kunahitaji wati-saa 110 hadi 120 kutoka kwenye soketi, kwa sababu chaja nayo inapoteza. Kwa chaja ya kawaida ya wati 60 hiyo ni saa mbili za barabarani, na kutoka Mbeya hadi Makambako ni zaidi ya kilomita 150, kwa hiyo unafika na betri iliyojaa bila kupoteza dakika ya kazi. Gari likiwa safarini alteneta, ile dainamo ya injini inayochaji betri, inazalisha kwa raha na upepo unapooza injini. Huo ndio wakati wa kutumia soketi. Fundi mwenye betri nne na chaja moja anaweza kukata mabati na kutoboa mbao siku nzima Mufindi bila kuwasha injini saiti, wakati mwenye drili ya waya anasubiri jenereta ya kukodi.

Angalia chaja kabla ya kununua. Zile zinazojaza haraka, za ampia 8 na kuendelea kwa betri ya volti 18, huvuta wati 160 hadi zaidi ya 200. Hazikai kwenye soketi ya wati 100, na kwenye ya 150 zinakata katikati. Nunua ya polepole, ni rahisi na haiipashi betri joto.

Kusoma lebo

Kila chombo kina kibandiko. Ukiona W, umemaliza. Ukiona A peke yake, zidisha kwa 230: chaja iliyoandikwa 1.5A inaweza kuvuta hadi wati 345 kwa kiwango cha juu, ingawa kwa kawaida inavuta pungufu ya hapo. Ukiona VA, ichukue kama wati na utakuwa upande salama. Plagi ya kupimia wati ni kitu kidogo na inalipa gharama yake mara ya kwanza unapogundua kwamba spika ya mkutano iliyoandikwa "3000W" kwa herufi za dhahabu inavuta 45.

Kibandiko hakisemi kila kitu, na hapa ndipo friji inapowaangusha watu. Friji ndogo imeandikwa wati 80 au 100, mtu anafurahi, anaichomeka kwenye wati 400, inakata. Kompresa ya kawaida wakati wa kuanza huvuta mara tano hadi nane ya kile inachokula ikishazunguka. Ni sehemu ya sekunde tu, lakini inveta huhesabu kwa kasi kuliko hapo na kujilinda. Friji yenye kompresa inayoanza polepole inaweza kupokelewa, ila kwa samaki kutoka Matema au dawa za mifugo, friji ya gari inayotumia volti 12 moja kwa moja ni bora mara kumi. Haipiti kwenye inveta kabisa, haipotezi, na nyingi zina kikato cha kulinda betri unachokipanga mwenyewe.

Pampu ya maji ya nusu hosipawa ni hivyo hivyo. Kwenye kibandiko ni wati 370 za shafti, ila umeme inaovuta ni karibu 550, na wakati wa kuanza inapita 1,500. Usiijaribu kwenye wati 400 hata mara moja ya kuonesha watu.

Vitu vya kupasha joto havina mshtuko wa kuanza, lakini vinakula bila aibu. Birika la umeme ni wati 1,800 hadi 2,200, pasi 1,000 na zaidi. Kuna birika za volti 12 za kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, wati 150 hivi. Lita moja ya maji ya nyuzi 15, kwa Mbeya ambako maji yanachemka karibu nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko, inahitaji wati-saa 92 bila kuhesabu joto linalotoroka. Ni dakika 40 na ushee kwa chai ya watu watatu. Beba jiko dogo la gesi.

Betri, baridi na sailensa

Betri ya pikapu ya dizeli huwa kati ya ampia-saa 70 na 95. Ni betri ya kuwashia, imetengenezwa kutoa ampia nyingi kwa sekunde chache, si kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukiishusha nusu mara kadhaa, imezeeka. Sheria yetu ni kutovuka robo. Kwa betri ya 75 hiyo ni kama ampia-saa 18, yaani wati 100 kwa muda usiofika saa mbili injini ikiwa imezimwa, na hiyo ni kwa betri nzima, isiyo na umri.

Sasa ongeza baridi. Juni hadi Agosti Njombe na Makete hupata umande wa barafu, na uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600. Karibu na sifuri betri ya risasi hupoteza kama robo ya uwezo wake, wakati huo huo oili imekuwa nzito na stata inataka nguvu zaidi. Kiasi cha umeme ambacho Kyela kwenye joto kingekuachia gari linalowaka, Makete kinakuacha ukitafuta vijana wa kusukuma, na gari la gia otomatiki halisukumiki likawaka.

Pima kwa mita. Betri iliyopumzika ikisoma 12.6 au 12.7 imejaa. Ikisoma 12.2 iko nusu. Usisubiri kengele ya inveta: nyingi za madukani hulia zikifika kati ya volti 10.5 na 11, na kwa betri ya kuwashia hapo ni msiba tayari. Kaa na mpaka wako wa 12.4, ambapo robo imeshatoka, na uwashe gari.

Ukiliwasha likakaa sailensa, yaani likinguruma bila kutembea, alteneta nayo ina kikomo. Iliyoandikwa ampia 100 haitoi 100 injini ikiwa kwenye mizunguko 750. Inaweza kutoa nusu hivi, na gari lenyewe linadai chake kwanza: pampu, nozeli, feni, taa. Kinachobaki ni ampia 30 au zaidi kidogo, yaani wati 300. Ukivuta 400 kwa saa nzima kwenye sailensa, kinachopungua kinatoka kwenye betri bila wewe kuona. Pandisha mizunguko hadi 1,200 hivi na uzime AC na taa kubwa.

Gharama pia. Dizeli ya lita 2.4 hadi 2.8 kwenye sailensa inakunywa kati ya lita 0.7 na lita moja kwa saa. Ukiitumia kupata wati 300, uniti moja ya umeme inakugharimu lita tatu. Jenereta ndogo ya petroli iliyobebeshwa mzigo wake sawasawa inatoa uniti hiyo kwa lita 0.5 au 0.6. Na ile saa moja ya kunguruma bila kutembea haionekani kwenye mita ya kilomita, ila oili inaijua. Sisi tunaihesabu kama kilomita 40 hadi 50 kwenye ratiba ya kubadilisha.

Jenereta hiyo hiyo, hata hivyo, ina adui huku kwetu. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 hadi 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa Njombe, karibu mita 2,000, jenereta ya kVA 2.5 imeshapoteza zaidi ya sehemu ya tano kabla ya kuchomeka chochote. Injini ya pikapu ni kubwa mno kwa kazi ya inveta, kwa hiyo wati 400 za Kyela ni wati 400 za Makete. Ni faida moja ambayo watu wa pwani hawaihitaji.

Jambo la moshi halina mjadala. Huku watu wanajua kilichotokea kwenye nyumba zilizofungwa madirisha na jiko la mkaa ndani. Gari linalonguruma kwenye gereji iliyofungwa ni jiko lile lile, kubwa zaidi. Usilale ndani ya kebini na injini inafanya kazi eti simu zichaji na hita ipashe, hasa ukiwa umeegesha kinyumenyume kwenye ukuta au kichaka. Na wakati wa kiangazi angalia nyasi chini ya bomba la moshi.

Ukitaka kuongeza inveta yako

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, basi tukae kidogo.

Usiichomeke inveta kubwa kwenye tundu la sigara. Fyuzi yake ni ampia 10 au 15, kikomo wati 120 hadi 150, hata kama kisanduku kimeandikwa 1000. Inveta ya wati 1,000 inavuta ampia 100 na inataka waya wake kutoka betri. Waya mfupi ndio siri yote. Inveta ikiwa nyuma ya kiti, mita moja na nusu kutoka betri, waya wa shaba wa 25 (milimita za mraba) unatosha. Ukiipeleka kwenye bodi ya nyuma, mita 5, kwenda na kurudi ni mita 10: waya wa 25 kwa ampia 100 unapoteza volti 0.7, ambayo ni asilimia 6 ya kile ulichonacho. Waya wa 35 unapoteza 0.5, wa 50 chini ya 0.4. Inveta inaona volti zimeshuka, inavuta ampia zaidi kufidia, waya unapata moto zaidi. Kwa hiyo weka inveta karibu na betri na urefushe upande wa volti 230. Ekstensheni ya mita 20 ya waya wa 1.5 ikibeba wati 1,000 inapoteza kama volti 2 kati ya 230. Hazina maana.

Waya wa mashine ya kuchomelea ni mzuri: mlaini, wenye nyuzi nyingi, hauvunjiki kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi. Ukinunua, kwangua nyuzi kwa kisu. Ikionekana nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba; rudisha, au ulipie nusu bei na ununue mnene zaidi. Vichwa vya waya vibanwe kwa mashine ya kubania, siyo nyundo. Kiungo kilichobanwa kwa nyundo kinaonekana kizuri hadi kipite ampia 80, ndipo plastiki inaanza kunuka.

Fyuzi ni lazima, na mahali pake ni sentimita 20 hivi kutoka kwenye ncha chanya ya betri, si karibu na inveta. Kazi yake ni kulinda waya ukikwaruzwa na bodi njiani. Kwa wati 1,000 weka ampia 125. Kila unapopita kwenye tundu la bati, weka mpira.

Ncha hasi ina mtego kwenye magari ya karibuni. Ukiona kidude kidogo chenye waya mwembamba kimebana ncha hasi ya betri, hicho ni kihisio kinachoiambia kompyuta ya gari kiasi gani kimetoka na kuingia. Ukifunga waya wa inveta moja kwa moja kwenye ncha, kihisio hakioni matumizi yako, alteneta inadhani betri imejaa na kupunguza kuchaji. Funga kwenye bolti ya bodi au chesisi iliyokwanguliwa rangi, upande wa pili wa kihisio. Kwa gari kongwe angalia mkanda wa shaba kati ya injini na chesisi. Ukiwa umeota kutu, ampia 100 zitatafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa kebo ya handibreki.

Cheche moja ndogo unapounganisha mara ya kwanza ni kawaida, ni kapasita zinajijaza. Cheche zinazoendelea, au zenye mlio mkubwa, ni ncha zimebadilishwa: acha.

Aina ya wimbi: inveta za bei rahisi hutoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini kama la TANESCO. Chaja za simu na balbu za LED hazijali. Mota, feni, spika za mikutano na baadhi ya chaja za drili zinajali: zinaunguruma, zinapata joto, na chaja fulani huungua kabisa. Tafuta iliyoandikwa pure sine wave, na uipime mkononi, kwa sababu ya kweli huwa nzito kuliko ya uongo yenye wati zile zile. Na wati za mbele kwenye boksi mara nyingi ni za kilele cha sekunde. Zinazoendelea ni nusu yake, zimeandikwa pembeni.

Eathi na testa inayowaka pande zote

Fundi wa nyumba akichomeka testa kwenye soketi ya pikapu anashtuka: inawaka matundu yote mawili. Kwa inveta nyingi hilo si kosa. Hazina nyutro, ule waya usio na moto, kama ya nyumbani. Nyaya zote mbili zinaelea, kila moja ikiwa na nusu ya volti ukilinganisha na bodi ya gari. Mtu anayetaka "kurekebisha" kwa kuunganisha waya mmoja na chesisi anaweza kuichoma inveta papo hapo.

Pini ya tatu nayo inaenda kwenye bodi ya gari, na gari limekaa juu ya mpira. Kwa umeme unaoelea kosa moja halikurushi, la pili ndilo linalorusha: ekstensheni imechubuka chini ya nyasi mbichi, na drili nayo inavuja. Swichi ya kukata umeme unaovuja ukiichomeka katikati inaweza isikate kabisa kwenye inveta ya namna hiyo, kwa hiyo usijipe moyo kwa sababu ya kitufe chake cha kujaribia. Tumia zana zenye alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, na chombo kimoja kwa wakati mmoja, hasa kwenye mvua za Tukuyu.

Magari yenye umeme wa kwao

Gari lililotengenezwa kwa Japani kwenyewe lina soketi ya volti 100. Estima na Alphard za mseto, zenye injini na mota ya umeme pamoja, zinazofika huku zikiwa zimetumika, nyingine zina wati 1,500 za volti 100, na hizo ni nguvu za kweli zinazotoka kwenye betri kubwa. Chombo cha volti 230 ukikichomeka hapo hakifanyi kitu cha maana, mota inaweza kukwama na kuungua. Transfoma ya kupandisha inasaidia, ila soma: iliyoandikwa 110 kwenda 220 inazidisha mara mbili tu, kwa hiyo 100 inakuwa 200. Na upande wa volti 100 mzigo wa wati 1,500 ni ampia 15. Ekstensheni ya mita 20 ya waya wa 1.5 itapoteza volti 7. Weka transfoma karibu na gari.

Pikapu za Marekani ni volti 120, hezi 60, yaani mawimbi 60 ya umeme kwa sekunde. Ford F-150 kuanzia 2021 ilikuja na mfumo wa wati 2,000 kwa petroli, 2,400 kwa mseto, na 7,200 kwa mseto uliolipiwa zaidi. Ya umeme mtupu ilifika 9,600. Zile kubwa zina soketi ya kusokota ya volti 240. Volti zinakaribiana na zetu, lakini waya zote mbili ni moto, hakuna nyutro kati yake, na swichi ya kawaida inayokata waya mmoja inauacha mwingine ukiwa hai ndani ya chombo. Hezi nazo: mota ya pampu iliyoundwa kwa hezi 50 itazunguka kwa kasi ya asilimia 20 zaidi kwenye 60, na pampu ya kuzungusha maji ikiongezewa kasi hiyo inadai nguvu zaidi kwa asilimia 70 na ushee. Inasukuma maji vizuri ajabu kwa muda, kisha inanuka. Grenda na drili zenye kaboni hazijali hezi. Mashine ya kunyolea ya sumaku inajali kidogo, inapiga kelele hadi ugeuze skurubu ya pembeni.

BYD Shark na Ford Ranger ya mseto wa kuchomeka, zinazouzwa kwenye nchi za volti 230, zinatoa wati zaidi ya 6,000 kwa jumla kwenye soketi za bodi ya nyuma. Hapo grenda ya inchi tisa ya wati 2,200 inafanya kazi, na mashine ndogo ya kuchomelea pia, mradi husomi jumla bali kikomo cha kila soketi.

Na gari lenye nguvu hizo ndilo linaloleta wazo la kuwasha nyumba nzima umeme ukikatika. Kebo yenye plagi ya kiume pande zote mbili, moja kwenye gari na nyingine kwenye soketi ya sebuleni, inauwa. Pini zilizo wazi ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba umeme unatoka kupitia mita hadi kwenye nguzo, transfoma inaupandisha, na kuna mtu juu ya nguzo anayeamini laini imezimwa. Njia halali ni chenjiova iliyofungwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, inayotenganisha kabisa waya wa TANESCO kabla ya kuunganisha wa gari. Kwa nyumba nyingi ekstensheni mbili kupitia dirishani, moja ya friji na moja ya taa, zinamaliza kazi.

Vumbi, ukungu na plagi zilizolegea

Soketi ya kwenye bodi ya nyuma hufa kwa uchafu kabla ya kuzidiwa. Vumbi la mpunga la Ubaruku na ukungu wa Rungwe vikikutana vinatengeneza tope jembamba ndani ya tundu. Gari likiwa limezimwa na kitufe kimezimwa, safisha kwa brashi kavu ya meno na upepo wa pampu, si maji. Baada ya kuosha gari kwa mashine ya presha, acha kifuniko wazi juani kwa saa moja kabla ya kutumia.

Soketi za kupokea plagi za kila nchi zinashika plagi ya pini mbili vibaya. Ikilegea inapiga cheche ndogo zisizoonekana, plastiki inageuka kahawia. Tumia plagi ya pini tatu yenye fyuzi, na ndani yake toa ile ya ampia 13 iliyokuja nayo uweke ya 3, ambayo kwa volti 230 ni kama wati 700: inatosha kwa chochote ambacho soketi hizi ndogo zinaweza, na inakata mapema waya ukibanwa na mlango. Ukishachomeka mzigo, rudi baada ya dakika kumi uguse plagi kwa mgongo wa vidole. Vuguvugu, endelea. Ikikufanya uondoe mkono, chomoa na ubadilishe plagi kabla ya kuchaji tena.